Anayekimbiza fumbo la picha hapumziki

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako. Kurasa za afya siku hizi hazichoki kuwashauri watu waliochoshwa na kazi na simu watafute fumbo la picha, yaani lile la vipande vya kadibodi vinavyounganishwa mpaka picha ikamilike, ili watulize akili. Ushauri huo ni mzuri, ila unaishia dukani. Msomaji anaambiwa afanye nini, haambiwi afanyeje, na hapo kwenye kufanyaje ndipo penye kazi yote. Fumbo lenyewe halimtulizi mtu. Mtu anaweza kukaa nalo saa mbili huku amebana taya, anachungulia simu kila dakika, anajilaumu kwa kwenda polepole, na akainuka kichwa kikiwa kizito kuliko alivyokaa. Sisi tunaoongoza mazoezi ya uzingativu kwa kazi za mikono tunataka kueleza ile sehemu inayoachwa.

Uzingativu ni kuwa na akili yako pale mwili wako ulipo, ukijua unachokifanya wakati unakifanya, bila kukihukumu. Akili itatoroka, hilo halina shaka. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti ambamo watu wazima 2,250 waliulizwa kupitia simu zao, saa yoyote bila kutarajia, wanafanya nini na wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kuwa akili ilikuwa kwingine, haipo kwenye shughuli iliyo mkononi. Nyakati hizo watu walisema wana furaha ndogo zaidi, na hata waliokuwa wakiwaza mambo ya kupendeza hawakuwazidi furaha wale waliokuwa wakiwaza wanachokifanya. Kwa hiyo usijitese kuizuia akili isitoke. Kazi yako ni kugundua imetoka, kisha kuirudisha. Kila ukiirudisha, umefanya zoezi moja.

Wengi wanaifahamu njia ya kukaa kimya, macho yamefumbwa, mtu akifuatilia pumzi zake. Hatuipingi. Lakini pumzi haishikiki, na anayeanza anaweza kupotea dakika tatu nzima kabla hajajua kwamba amepotea. Kipande cha fumbo kina uzito, kona na rangi, tena kinakujibu papo hapo: kinaingia au hakiingii. Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 programu ya wiki 8 ya kupunguza msongo katika Shule ya Tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliwafundisha watu wake kwa zabibu kavu moja. Uitazame, uiguse, uinuse, uisikilize ukiibonyeza karibu na sikio, ndipo uile. Ufundi wa kipande cha fumbo ni huohuo, na sanduku moja lina vipande 500.

Kuna jambo watu hulichanganya na hili, na kuchanganya huko ndiko kunakoharibu mazoezi mengi. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alieleza hali ya mtu kumezwa na kazi pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake: saa zinapita hajui, njaa haisikii, nafsi yake ameisahau. Fumbo la picha humfikisha mtu hapo kwa urahisi, na hali hiyo ni tamu na ina faida zake. Lakini aliyemezwa hajui kama mabega yamempanda, hajui kama anapumua, na akitoka humo mara nyingi hushtuka kama aliyeamshwa. Katika uzingativu unabaki unajijua. Ndiyo maana tunatumia kengele, kama tutakavyoeleza.

Kwanza andaa mahali. Fumbo la vipande 1,000 likikamilika huwa na ukubwa wa takriban sentimita 70 kwa 50, na la 500 takriban 49 kwa 36. Liweke juu ya ubao au kadibodi ngumu inayozidi hapo kwa sentimita 10 hivi kila upande, ili uweze kulihamisha bila kulivunja. Meza iwe ya kimo ambacho viwiko vinatua juu yake bila mabega kupanda. Meza fupi ya sebuleni ndiyo adui: inakuinamisha, na baada ya robo saa umakini wote umehamia kwenye maumivu ya shingo. Taa itoke ubavuni, upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Taa iliyo juu ya kichwa haifai, kwa kuwa vipande vingi vina mng'ao, na mwanga ukivipiga kutoka juu rangi hufutika machoni. Tafuta masinia madogo au vifuniko vya maboksi, vitano au sita. Simu ikae chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, kwa sababu mkono unajua ilipo.

Kwa mtu mzima anayeanza, vipande 300 hadi 500 vinatosha. Vikiwa vichache mno akili inapata nafasi ya kuzurura. Vikiwa vingi mno, siku tatu za mwanzo zinaishia kwenye kupanga tu na mtu hukata tamaa. Chagua picha yenye maeneo mengi yanayotofautiana, kama vile rafu za vitabu, soko, bustani au ramani. Picha yenye bahari na anga nusu nzima iache kwanza. Itafika zamu yake.

Kabla hujaunganisha chochote, geuza vipande vyote picha ikiwa juu. Watu huiona kazi hii kama adha ya kumalizwa upesi. Sisi tunaiona kama kikao kamili. Vipande 500 vikigeuzwa kimoja kimoja, kila kimoja kikitazamwa kwa muda wa pumzi moja, vinaweza kuchukua vikao viwili, na mwisho wake macho yameshaizoea picha bila kulazimishwa. Ukiwa unageuza, tenga vya pembeni. Hapa kuna hesabu inayowasaidia wanaoogopa kwamba wamepungukiwa: mafumbo mengi yanayoitwa ya vipande 1,000 hukatwa mistari 25 yenye vipande 40, na mengine mistari 27 yenye vipande 38, ambavyo kwa kweli ni 1,026. Mafumbo yote mawili yana vipande 126 vya pembeni, vikiwemo vinne vya kona. Ukipata 124, endelea tu, viwili vimejificha kwenye sinia la vya katikati.

Kikao kiwe cha dakika 20. Anza kwa dakika mbili za kutofanya lolote: weka viganja mezani, sikia ubaridi au ujoto wa meza, sikia nyayo zilivyokanyaga sakafu, vuta pumzi tano bila kuzirefusha kwa makusudi. Kisha chukua kipande kimoja. Kimoja tu, na mkono wa pili uwe mtupu. Anayeshika vipande vitatu mkononi tayari anawaza cha pili na cha tatu.

Kishike kwa kidole gumba na cha shahada. Pitisha kidole kingine kwenye kingo zake. Kwa kawaida upande wenye picha ni laini na kingo zake zimeinama kidogo kwa kubanwa na kisu cha mashine; upande wa nyuma unakwaruza, na fumbo likiwa jipya huacha vumbi la karatasi kwenye ncha ya kidole. Hesabu ndimi, yaani sehemu zilizochomoza, na matundu yanayozipokea. Kisha tazama rangi, lakini usiridhike na kusema kimoyomoyo kwamba ni kijani ukaishia hapo. Kijani hicho kina mistari? Kimefifia upande mmoja? Kuna nukta ya manjano kwenye ncha ya ulimi? Nukta hiyo ndogo, ambayo mwenye haraka haioni, ndiyo inayokuonyesha kwamba jirani yake ni ua. Hapo uzingativu na ustadi wa fumbo vinakuwa kitu kimoja: anayetazama kwa kutulia ndiye anayepata.

Sasa kipeleke unapodhani. Kikiingia, kidole kitahisi uso umekuwa sawa bila ukingo. Kaa na hisia hiyo kwa pumzi moja kabla ya kugusa kingine. Kisipoingia, kirudishe kwenye sinia lilelile kilikotoka, ukiweke chini bila kukitupa. Na uangalie hasa ile sekunde kipande kinapokaribia kuingia. Karibu kila mtu huzuia pumzi hapo. Mabega hupanda, taya hubana, wengine hung'ata mdomo. Hakuna haja ya kujilaumu. Ukigundua, toa pumzi, shusha mabega, ndipo usukume kipande. Wanaofanya hivi kila mara hugundua baadaye kwamba wanazuia pumzi hivyohivyo wakisoma ujumbe mgumu au wakingoja zamu ya kuongea mbele ya watu, na wanajua la kufanya.

Kengele ilie kila baada ya dakika tano. Saa ndogo ya jikoni inafaa, au simu hukohuko ilikowekwa, mlio wake ukiwa wa chini. Ikilia, acha mikono ilipo, jiulize mambo matatu: napumua? nimekaaje? nilikuwa nawaza nini? Jibu, kisha endelea. Sekunde kumi zinatosha. Usipoiweka, utamezwa. Tunalisema hili kwa uhakika kwa sababu fumbo limetengenezwa limmeze mtu.

Kengele ya mwisho ndiyo ngumu. Mara nyingi inakukuta na kipande ambacho unajua kabisa kinakokwenda, na moyo unasema hiki kimoja tu. Kirudishe siniani. Wengi hukataa katakata tunapowaambia hivi, wakiona ni ukaidi usio na maana. Lakini huko kutamani kipande kimoja zaidi ndiko kulekule kunakomfanya mtu apitishe kidole kwenye simu hadi saa saba za usiku. Hapa unapata nafasi ya kukutana nako mahali salama, ukutazame kunavyopanda kifuani na kunavyoshuka kwenyewe baada ya nusu dakika. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee. Anayefaulu kurudisha kipande kile amefanya zaidi ya aliyeunganisha vipande arobaini.

Tuje kwenye yanayoharibika. La kwanza ni kulazimisha. Kipande kinachosukumwa kwa dole gumba mahali pasipo pake hukunja ulimi, tabaka la picha hubanduka kwenye kadibodi, na baada ya hapo hakikai sawa hata mahali pake. Kilichobanduka kinatibika: tone dogo la gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno, bonyeza, futa iliyomwagika, weka karatasi ya nta juu na kitabu kizito kwa saa moja. La pili ni udanganyifu wa vipande vinavyoingia lakini si jirani. Katika mafumbo yaliyokatwa kwa umbo la kawaida hili hutokea sana, hasa pembeni, na hujulikana siku tatu baadaye fremu inapogoma kufunga. Kagua kwa njia tatu: inua vipande viwili vilivyoungana uvielekeze kwenye taa, mwanga usipenye kwenye ungo, yaani pale vinapoungana, vigeuze, mstari wa nyuma uwe mwembamba sawasawa pande zote, pitisha ukucha juu ya ungo, usikwame. Fremu ikigoma, usibomoe kwa hasira. Anza kona moja, kagua ungo mmoja mmoja kuzunguka. Kosa liko mahali pamoja au pawili tu.

Halafu anga. Kila fumbo lina sehemu yake ya anga, maji au ukuta mtupu, ambapo rangi haisemi kitu tena, na hapo ndipo wengi hulifunga sanduku. Sisi huwaambia hapo ndipo zoezi linapoanza hasa. Weka rangi pembeni, panga kwa umbo. Kipande cha katikati cha kawaida kina pande nne, na kila upande una ulimi au tundu, kwa hiyo maumbo ni sita tu: matundu manne; ulimi mmoja; ndimi mbili zinazotazamana; ndimi mbili zilizo jirani; ndimi tatu; ndimi nne. Vyenye ndimi mbili zinazotazamana kwa kawaida ndivyo vingi kupita vyote. Panga kila umbo kwa mistari iliyonyooka, vipande vikielekea upande mmoja. Kisha chagua pengo moja kwenye picha, tazama linahitaji umbo gani, na ujaribu kila kipande cha mstari huo kuanzia kushoto, kimoja baada ya kingine, bila kuruka na bila kubahatisha. Kinachokataa kinarudi mahali pake. Mikono inakwenda kama ya anayevuta tasbihi. Pengo moja linaweza kula vipande 30 kabla halijajazwa, na kwa kuwa hakuna cha kukisia, akili haina hila ya kufanya, inabaki na mguso tu. Baadhi ya vikao vyenye utulivu mkubwa kabisa hutokea katika anga la buluu lisilo na wingu.

Hasira itakuja. Ikija, itambue kimya: hii ni hasira. Au: nachoka. Au: nawaza deni. Neno moja linatosha, kisha rudi kwenye kipande kilicho kati ya vidole. Ikirudi mara tatu ndani ya dakika moja, usishindane nayo kwenye pengo lilelile. Hamia kwenye kugeuza au kupanga vipande hadi kengele. Na kama kipande kimepotea kweli, kabla ya kulaumu kiwanda tazama mkono wa shati, chini ya ubao, na ndani ya mikunjo ya mfuko uliokuwa sandukuni. Fumbo lenye tundu moja limefanya kazi yake yote ya kukuzoesha.

Kuna wanaofanya wawili wawili, mume na mke, au mzazi na mtoto mkubwa. Sharti ni moja: usimwonyeshe mwenzako kipande chake kinakwenda wapi. Kidole kinachoelekeza kinavunja zoezi la watu wawili kwa mpigo. Kwa mtoto wa miaka minne, vipande 12 hadi 24 na dakika tano hadi kumi zinatosha. Muulize kipande kina ndimi ngapi, kinakwaruza au ni laini, kisha nyamaza. Watoto walio chini ya miaka mitatu wasikae karibu na vipande vidogo, kwa kuwa huvitia mdomoni.

Macho nayo yana haki yake. Kila kikao kinapokwisha, tazama kitu kilicho mbali, mita sita au zaidi, kwa sekunde 20, kisha simama unyooshe mgongo. Na usifanye fumbo hadi dakika ya kwenda kulala. Pengo lisilojazwa hufuata mtu kitandani. Acha nusu saa kabla.

Asiyeweza kununua fumbo asijione ameachwa nyuma. Bandika picha ya ukubwa wa A4 kwenye kadibodi ya milimita mbili kwa gundi nyeupe iliyoongezwa maji kidogo, ukipaka kutoka katikati kwenda nje ili mapovu yatoke. Weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Ukikata kabla haijakauka vizuri, karatasi itararuka kwenye kingo. Upande wa nyuma chora mistari: gawa upande mfupi mara tano na mrefu mara saba, upate miraba 35 yenye takriban sentimita 4.2 kila upande. Hamishia alama za mistari hiyo kwenye kingo za upande wa picha, kisha kata kutokea upande wa picha kwa rula ya chuma na kisu chenye makali, ukipitisha mara nne au tano kwa wepesi. Mara moja kwa nguvu hupinda na ni hatari kwa vidole. Vipande hivi havishikani, kwa hiyo vipange juu ya kitambaa kizito visiteleze. Visionekane duni kwa kukosa ndimi: John Spilsbury, mchonga ramani wa London aliyeanza kuuza mafumbo ya aina hii katika miaka ya 1760, alibandika ramani kwenye mbao na kuzikata kufuata mipaka ya nchi ili watoto wajifunze jiografia, na vipande vyake havikuwa vya kushikana. Kutoshikana huko kunaulazimisha mkono uwe mwepesi.

Au tengeneza tangramu, fumbo la Kichina la vipande saba. Chukua mraba wa kadibodi wa sentimita 10. Kata ulalo mmoja, kutoka kona hadi kona, upate pembetatu mbili. Moja ikate katikati, kutoka kona yake ya mraba hadi katikati ya upande mrefu: hizo ni pembetatu mbili kubwa. Ile ya pili, unganisha katikati ya pande zake mbili fupi, ukate kona: hiyo ni pembetatu ya kati. Umebaki na kipande kirefu chenye pande mbili sambamba. Kikate katikati, kutoka katikati ya upande mrefu hadi katikati ya ule mfupi. Nusu ya kwanza, kata kutoka pembe yake butu iliyo kwenye upande mfupi wa juu hadi katikati ya upande wake mrefu: unapata mraba na pembetatu ndogo. Nusu ya pili, kata kutoka pembe ya mraba iliyo kwenye upande mfupi hadi katikati ya upande wake mrefu: unapata msambamba na pembetatu ndogo ya pili. Ikiwa vyote saba vinarudi kuwa mraba wa sentimita 10, umekata sawa.

Kazi nyingine za mikono zinafaa kwa viwango tofauti. Kufuma kwa sindano kunafaa sana: mishono 30, uzi wa unene wa kati wenye rangi nyepesi, sindano za milimita 5, mshono uleule kila mstari, na pumzi moja ndefu kila unapogeuza kazi. Usianze na uzi mweusi, mishono haionekani na utaishia kukodoa macho. Kukunja karatasi kwa mtindo wa Kijapani kunafundisha uangalifu wa mwanzo: kwenye karatasi ya sentimita 15, mkunjo wa kwanza ukipotoka milimita moja, korongo wa karatasi unayemkunja anaishia na mdomo butu, kwa sababu kila mkunjo unaofuata unarithi kosa na kuliongeza. Sudoku ni chemshabongo nzuri, ila karibu yote iko kichwani, vidole havina kazi. Na mchemraba wa Rubik, uliobuniwa na Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974, hatuupendekezi kwa zoezi hili. Mtu akishakariri hatua, vidole vinakwenda vyenyewe na akili inabaki huru kuzurura, kisha kinachobaki ni kushindana na saa.

Kuhusu faida, tunawaomba waandishi wa kurasa za afya wapunguze ahadi. Mwaka 2018 watafiti nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya watu wazima 100 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ambapo kundi moja liliunganisha mafumbo ya picha angalau saa moja kwa siku kwa siku 30. Ilionekana kwamba kazi hiyo hutumia uwezo mwingi wa akili kwa pamoja, na waliokuwa wamefanya mafumbo kwa miaka mingi walikuwa na alama nzuri zaidi. Lakini siku hizo 30 hazikuleta nafuu ya maana kuliko kundi lingine. Kwa hiyo kusema fumbo huzuia ugonjwa wa kusahau ni kutangulia ushahidi. Vilevile mwenye sonona nzito, au anayesumbuliwa na kumbukumbu za mambo mabaya yaliyompata, anaweza kukuta ukimya unamletea hayohayo. Huyo aanze kwa dakika tano, mtu mwingine akiwa karibu, na aendelee kumwona mtaalamu wake.

Mwisho tuna ombi kwako, Mhariri. Magazeti hupenda kutoa zawadi kwa msomaji anayemaliza chemshabongo kwanza. Zawadi hizo ziendelee, hatuna ugomvi nazo. Tunaomba tu kwamba mara moja kwa mwezi utupe nafasi ya picha moja ya A4 yenye rangi, isiyo na matangazo nyuma yake kwa kuwa wino wake hupenya gundi ikiilowesha karatasi, yenye alama za mgawanyo wa tano kwa saba zimechapwa kwenye ukingo, na pembeni yake maelekezo mafupi ya kubandika, kukata na kuweka kengele ya dakika tano. Mahali ambapo kwa kawaida huandikwa muda wa kumaliza pasiandikwe kitu. Picha tutazichagua sisi na maelekezo tutayaandika bila malipo, na ya kwanza ingependeza iwe rafu ya vitabu. Anga tuiache hadi mwezi wa nne au wa tano, wasomaji wakishazoea.

Wasomaji wako,
Waongozaji wa mazoezi ya uzingativu kwa kazi za mikono